Ng'ombe anapogeuka ng’ombe: maswali na majibu kuhusu usimbaji wa herufi katika XML

XML imetuzunguka kuliko tunavyodhani. Faili la Excel la .xlsx ni kifurushi cha XML zilizobanwa, fomu za utafiti zinazojazwa kwa simu kupitia ODK hutumwa kama XML, na ujumbe wa benki wa ISO 20022 nao ni XML. Anayeandika programu za kusoma data hizi atakutana na herufi zilizovurugika mapema tu. Haya ni maswali yanayojirudia zaidi.

Faili langu lina majina ya bidhaa. Kila penye "ng'ombe" napata "ng’ombe". Nani kaharibu?

Pengine faili halijaharibika hata kidogo. Ndani ya faili hamna herufi, mna baiti tu, yaani namba, na usimbaji ni mapatano ya namba gani isomwe kuwa herufi gani. Aliyeandika neno hilo alitumia Word au simu, nayo ikageuza alama iliyonyooka ya ng' kuwa alama iliyopinda, ambayo katika Unicode ni U+2019. Kwa UTF-8 alama hiyo moja huandikwa kwa baiti tatu: E2 80 99. Programu yako imezisoma kwa Windows-1252, usimbaji wa zamani ambamo kila baiti ni herufi inayojitegemea. E2 ikawa â, 80 ikawa €, na 99 ikawa ™.

Kwa hiyo alama hizo tatu ni ushahidi mzuri: data ni UTF-8, na aliyekosea ni msomaji. Jina Désiré la mtu wa Bukavu au Bujumbura likitokea kama Désiré, kisa ni hichohicho. Usiandike msitari wa kubadilisha ’ kuwa alama ya kawaida. Utaziba tundu moja, kesho utakutana na é, keshokutwa na herufi nyingine.

Kwangu kuna kinyume chake. Programu inagoma kabisa, inaniambia "Input is not proper UTF-8".

Afadhali wewe kuliko aliyetangulia. Kanuni za XML 1.0, zilizotolewa na W3C mwaka 1998, zinasema kwamba baiti zisizolingana na usimbaji uliotajwa ni kosa la kusimamisha kazi, na kichanganuzi, yaani programu inayosoma XML, hakiruhusiwi kubahatisha. Zinasema pia kwamba faili lisilo na tamko la usimbaji wala alama ya BOM mwanzoni, likiwa halina maelezo mengine kutoka nje, lisomwe kama UTF-8. Faili lako huenda liliandikwa kwa Windows-1252, ambamo ile alama iliyopinda ni baiti moja tu, 92. Katika UTF-8 baiti 92 haiwezi kusimama baada ya herufi ya kawaida kama g. Hapo ndipo kichanganuzi kilipokwama, na ujumbe wa kosa mara nyingi hutaja msitari wenyewe. Lifungue faili kwa xxd au hexdump, uziangalie baiti za mahali hapo.

Basi si niandike tu encoding="ISO-8859-1" kwenye tamko, kosa liondoke?

Kosa litaondoka, na hilo ndilo tatizo. Tamko ni kama kibandiko cha gunia: ukiandika mchele juu ya gunia la maharage, hujapata mchele. ISO-8859-1 huikubali baiti yoyote ile, kwa hiyo kichanganuzi hakitalalamika tena. Lakini katika usimbaji huo 92 si alama ya kunukuu, ni herufi ya udhibiti isiyoonekana, U+0092, ambayo XML 1.0 inairuhusu. Utapata "ngombe" kwenye skrini, na ndani ya neno pamejificha kitu kisichoonekana. Mtu akitafuta ng'ombe kwenye hifadhidata yako hatampata, wala hakuna kumbukumbu ya kosa itakayokuonyesha sababu. Kama baiti ni za Windows-1252, andika windows-1252. Bora zaidi, ligeuze faili kwa iconv liwe UTF-8 kweli, kisha urekebishe tamko lilingane nalo.

Kwenye kodi yenyewe, njia sahihi ya kusoma ni ipi?

Kipe kichanganuzi baiti, usikipe maandishi uliyokwisha kuyageuza mwenyewe. Kama kuna jambo moja la kushika kuhusu suala hili lote, ni hilo. Kichanganuzi kinajua kuangalia BOM na kusoma tamko. Ukimtanguliza msomaji wa maandishi wa kawaida, yeye hasomi tamko, hutumia usimbaji wa mashine.

Katika Python, tumia ET.parse ukiipa jina la faili, au open yenye "rb". Ile open ya kawaida kwenye Windows imezoea kutumia usimbaji wa mfumo, ndiyo maana kodi iliyofanya kazi vizuri kwenye seva ya Linux huvuruga majina kwenye kompyuta ya ofisini. Maktaba ya lxml hukataa kabisa maandishi ya str yenye tamko la usimbaji. Wengi huliondoa tamko ili ikubali, wakati ilikuwa ikiwaelekeza wapeleke baiti. Katika Java, tumia InputStream badala ya FileReader. Java 18, ya mwaka 2022, ndiyo iliyofanya UTF-8 kuwa chaguo la msingi kila mahali, na seva nyingi bado zinaendesha matoleo ya nyuma yake.

Wa C# wana mtego wao. Ukiandika XML kupitia StringWriter, tamko hutoka utf-16, kwa sababu ndivyo maandishi yanavyokaa ndani ya .NET. Kisha mtu huyahifadhi kwa UTF-8, na faili linakwenda kwa mwenzake likidai kitu ambacho silo.

XML ikija kwa mtandao, nifuate kichwa cha HTTP au tamko?

RFC 7303 ya mwaka 2014 imeliweka wazi: BOM kwanza, kisha charset ya kichwa cha HTTP, kisha tamko. Kwa maoni yangu, mwenye seva asiye na uhakika ni heri asitaje charset kabisa.

Naambiwa tamko halipo mwanzoni, na ninaliona lipo.

Kuna nafasi, msitari mtupu, au BOM iliyorudiwa mbele yake. Tamko likiwepo, hakuna herufi inayoruhusiwa kulitangulia.

Majina ya Kikuyu yenye ũ na ĩ yanatoka kama alama za kuuliza.

Herufi hizo hazimo katika ISO-8859-1 wala Windows-1252, kwa hiyo kuna kituo njiani kilichojaribu kuzipitisha humo kikashindwa. Kagua kila hatua hadi hifadhidata. Mtumiaji wa MySQL ajue kwamba ile inayoitwa utf8 imekuwa ikibeba baiti tatu tu kwa herufi. Inatosha kwa ũ, lakini emoji nyingi zinahitaji baiti nne, yaani utf8mb4.

Nina data iliyokwisha vurugika. Inaokoleka?

Inategemea. "Désiré" inaokoleka: katika Python, s.encode("cp1252").decode("utf-8") huirudisha. Ijaribu kwenye nakala kwanza, maana baiti kama 9D, ambayo ni sehemu ya alama ya kufunga nukuu, haina herufi katika Windows-1252, na hapo amri hii inaweza kugoma. Lakini penye alama ya kuuliza, au ile ya almasi nyeusi, U+FFFD, herufi ya asili imekwisha kufutwa. Hapo hakuna kodi itakayokusaidia, ni kurudi kwenye faili la mwanzo.

Kwa hiyo tafadhali, mnaopokea XML za watu: hifadhini faili jinsi lilivyoingia, baiti kwa baiti, kabla programu yoyote haijaligusa. Nanyi mnaozituma, acheni kuunganisha vipande vya maandishi kwa mkono. Tumieni maktaba ya XML, muiamuru iandike UTF-8 pamoja na tamko lake.