Mwaka wa Saba, Fidia Ilikwenda kwa Nani?

Somo: Kumbukumbu la Torati 15:12-18



Tukitaja utumwa, wengi wetu tunaona minyororo, meli na mjeledi. Leo nataka tufungue daftari la hesabu. Nilisoma biashara kabla ya kuingia huduma, na mpaka leo macho yangu hukimbilia pale chini ya ukurasa: nani alilipa, nani alilipwa, salio likabaki kwa nani.

Tuanze na Torati. Mwebrania aliyeuzwa atatumika miaka sita, na mwaka wa saba ataachiliwa huru. Wengi tukifika hapo tunasema amina na kufunga Biblia. Lakini mstari wa 13 na 14 unaendelea: asitoke mikono mitupu. Tajiri wake ampe kutoka kwa kundi la mifugo, kutoka uwanja wa kupuria nafaka na kutoka shinikizo la divai. Hebu ona Mungu anataja wapi. Ni pale pale jasho lake lilipoanguka. Mbuzi aliwachunga yeye, nafaka aliipura yeye, zabibu alizikanyaga yeye. Na mstari wa 18 unamwambia tajiri asione uchungu kutoa, maana kwa miaka sita alipata kazi ya thamani kubwa kuliko ambayo angepata kwa kibarua. Kwa lugha ya wahasibu, anayedaiwa hapa ni mwenye shamba.

(Najua wenye watumwa nao walikuwa na Biblia, na walipenda sana kunukuu Walawi 25. Sura hii ya 15 sijui waliiruka vipi.)

Sasa twende Uingereza, mwaka 1833. Bunge lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni yake: visiwa vya Karibi, Mauritius, na Cape kule Afrika Kusini. Watu kama 800,000 walihusika. Tusidharau vita iliyopiganwa kufika hapo. William Wilberforce alisimama bungeni miaka na miaka. Kule Jamaica, Samuel Sharpe, shemasi wa Kibaptisti ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa, aliongoza maelfu kugoma wakati wa Krismasi ya 1831. Mgomo ukageuka maasi, na Mei 1832 wakamnyonga.

Lakini soma sheria yenyewe kama mtu wa pesa. Serikali ilitenga fidia ya paundi milioni 20, karibu asilimia 40 ya matumizi yake ya mwaka mzima. Kiasi hicho haikuwa nacho, ikakopa milioni 15 kutoka kwa matajiri wa London wakiongozwa na Nathan Rothschild na Moses Montefiore. Deni hilo likageuzwa na kuunganishwa na madeni mengine mpaka likamalizwa mwaka 2015. Ndiyo, 2015. Wengi wetu tulikuwa tayari tunatuma pesa kwa simu.

Fidia ikaenda kwa nani? Kwa wenye watumwa, kwa sababu wamepoteza "mali". Mtumwa mwenyewe hakupata hata senti. Tena isipokuwa watoto wa chini ya miaka sita, hata kuachiliwa hawakuachiliwa mara moja. Sheria ilipoanza Agosti 1834 waliitwa "wanagenzi", wakaendelea kumfanyia tajiri yule yule kazi ya bure hadi saa 45 kwa wiki, mpaka Agosti 1838. Kwa hiyo bwana alilipwa mara mbili, kwa pesa na kwa kazi.

Kanisa nalo lilikuwa kwenye foleni. Shirika la Kianglikana la kueneza Injili lilirithi mashamba ya Codrington kule Barbados mwaka 1710, na watumwa wa pale walichomwa kwa chuma cha moto, jina la shirika likabaki kifuani. Fidia ilipokuja, shirika lilipokea zaidi ya paundi 8,800 kwa watu 411. Kanisa la Uingereza liliomba msamaha mwaka 2006. Siwacheki Waanglikana. Sisi Wapentekoste hatukuwako karne ile, na kutokuwako si utakatifu.

Haiti ilikuwa mbaya zaidi. Wale walijikomboa wenyewe kwa vita na kutangaza uhuru mwaka 1804. Mwaka 1825 Ufaransa ikaleta meli za kivita na bili ya faranga milioni 150, ili kuwafidia Wafaransa waliopoteza mashamba na watumwa. Baadaye ilipunguzwa, lakini Haiti ilikopa kulipa, na mikopo ikaivuta hadi 1947. Aliyeibiwa ndiye alimlipa mwizi.

Na hapa kwetu? Kwenye ukanda wa pwani, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, na serikali ya kikoloni ikawalipa fidia wenye watumwa. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya kusajili hati za ardhi ya pwani. Mwenye shamba akaenda kusajili. Aliyelilima shamba hilo maisha yake yote akabaki kuishi juu ya ardhi ya mtu mwingine. Ukisikia maskwota wa pwani wakilia mpaka leo, mmoja wa mizizi ya kilio hicho uko hapo.

Mtu ataniambia, "Pasta, hayo ni ya zamani." Sawa. Basi nikuulize juu ya yule dada anayekulelea watoto. Simwiti mtumwa, na wewe sikuiti bwana wa watumwa. Nauliza tu, siku ya kuondoka anatoka na nini? Wako wanaoambiwa Desemba waende nyumbani Krismasi, wakifika kijijini wanapigiwa simu wasirudi, na mshahara wa mwezi haujatumwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku 28, na likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka, yenye malipo. Na hiyo ni serikali tu imesema, bado hatujafika kwa mstari wa 14.

Alhamisi kwenye vikundi vya nyumbani tutasoma barua kwa Filemoni. Ni sura moja, isome yote kabla ya kuja. Tutakaa sana kwa mstari wa 18, pale Paulo anapotaka deni la Onesimo liandikwe kwa jina lake. Kila mwajiri aje na kalamu na karatasi, na awe amejua tarehe ambayo mfanyakazi wake alianza kazi.