Msimbo Chanzi au Kifurushi? Njia Mbili za Kusakinisha Linux na Nafasi ya Mfasiri wa Kiswahili

Matini chanzi ni istilahi anayoifahamu kila mwanafunzi wa tafsiri. Katika taaluma ya tarakilishi ipo dhana inayokaribiana nayo: msimbo chanzi, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na binadamu, kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Makala haya yanalinganisha njia mbili za kusakinisha programu katika mfumo wa Linux, na kudai kwamba suala hili linamhusu mtaalamu wa lugha pia.

Njia ya kwanza ni ya vifurushi. Debian, mradi ulioanzishwa mwaka wa 1993, husambaza programu zilizokwisha kugeuzwa. Mtumiaji hutoa amri moja tu. Mfumo humletea programu pamoja na nyingine zote zinazotegemewa nayo. Marekebisho ya usalama hufika kwa njia iyo hiyo.

Njia ya pili ni kuijenga programu kutokana na msimbo chanzi. Kwa kawaida mjenzi huiandaa kulingana na mashine yake, huugeuza msimbo, kisha huiweka programu mahali pake. Faida yake ni elimu na uhuru wa kuchagua vipengele. Hata hivyo, programu kubwa huweza kuchukua saa nyingi, na jukumu la kufuatilia marekebisho humwangukia mjenzi mwenyewe.

Je, mwanafunzi wa Kiswahili ana hisa gani hapa? Programu nyingi za Linux huhifadhi tafsiri katika faili za aina ya PO, ambamo kila kauli ya Kiingereza huandikwa pamoja na tafsiri yake. Programu inapojengwa, faili hizo hugeuzwa kuwa za aina ya MO, zisomwazo na mashine. Kifurushi cha kawaida hubeba MO. PO husalia katika chanzi.

Zaidi ya hayo, kuna suala la upatanisho wa kisarufi. Tuseme kauli ya kufasiriwa ina pengo la jina, likifuatwa na maelezo kwamba kitu hicho kimefutwa. Mfasiri aandike *imefutwa*, *kimefutwa* au *umefutwa*? Faili, kitabu na ujumbe haviko katika ngeli moja. Jibu hupatikana kwa kutazama msimbo wenyewe, mahali pengo linapojazwa. Asiyefika kwenye chanzi hubahatisha, na mtumiaji huishia kusoma Kiswahili kilichovunjika.

Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa msimbo chanzi ulikuwa wazi kwa umma.

Kwa kuhitimisha, kifurushi chatosha kwa matumizi ya kila siku. Lakini anayetaka tarakilishi izungumze Kiswahili sanifu sharti aufikie msimbo chanzi. Mtumai cha nduguye hufa maskini.