Majani Mawili na Chipukizi: Somo la Chai ya Rungwe

Chai twainywa kila siku hapa shuleni, lakini nikiwauliza wenzangu wa bwenini mchai unafananaje, wengi hunyamaza. Mmoja alinijibu kuwa bila shaka ni nyasi ndefu kama mchaichai ulio nyuma ya jiko letu. Si ajabu, maana shule ya serikali hukusanya vijana wa mikoa mingi, na aliyezaliwa penye mkonge au pamba hana sababu ya kuujua mchai. Kwa hiyo nimeona yafaa niandike somo fupi juu ya zao hili, kama lilivyo kwetu Rungwe, mkoa wa Mbeya.

Somo nitalipanga kwa kufuata maswali ya wageni wawili. Katika likizo fupi ya mwezi wa Aprili walifika kwetu mtu na mkewe kutoka Uingereza, vijana bado, kila mmoja amebeba mgongoni mfuko mkubwa wenye hema, nguo na sufuria. Mjomba wangu hufanya kazi ya kuwaongoza watembeaji, naye alinichukua niwe mkalimani. Kwa siku tatu tulitembea kwa miguu katika milima ya Tukuyu, mvua ikitunyeshea karibu kila alasiri. Bibi yangu alipoiona mizigo ile aliwaonea huruma, akaniuliza kama gari lao limeharibika. Nilipomweleza kuwa wanatembea kwa kupenda, alicheka akasema, "Basi waambie kuni ziko mlimani, wasirudi mikono mitupu."

Wageni hao walikuwa wakinywa chai tangu utoto wao, wala hawajapata kuuona mchai. Kwa hiyo waliuliza kila kitu.

1. Mchai ni mmea gani?

Swali la kwanza aliuliza yule bwana: "Mbona michai yenu ni mifupi, tena yote sawa kama meza?" Jibu ni kwamba mchai kwa asili ni mti. Ukiachwa bila kukatwa waweza kupita kimo cha nyumba. Mkulima huupogoa kila baada ya miaka michache, na kuuchuma mara kwa mara, ili ubaki kimo cha kiuno na utoe machipukizi mengi juu. Uso ule wa kijani ulio sawa huitwa meza ya kuchumia. Mchai mpya huanza kuchumwa vizuri upatapo miaka mitatu hivi, na ukitunzwa waweza kuchumwa kwa miaka hamsini na zaidi. Maana yake, mchai anaoupanda babu huchumwa na mjukuu.

2. Kwa nini chai hukubali Rungwe?

Mchai wataka mambo matatu: mvua nyingi iliyogawanyika katika miezi mingi, hewa ya ubaridi, na udongo wenye uchachu usiotuamisha maji. Rungwe ina yote matatu. Tukuyu ni miongoni mwa mahali panapopata mvua nyingi kabisa katika Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo wetu ulitokana na volkano, na alama zake wageni waliziona kwa macho: Mlima Rungwe wenye kimo cha karibu mita 3,000, Ziwa Ngozi lililo ndani ya kreta, na Daraja la Mungu, yaani daraja la mwamba lililo juu ya mto Kiwira.

Ubaridi nao hutokana na kimo. Tukuyu iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hapo jani hukua polepole, nalo jani likuzwalo polepole huwa na ladha nzuri zaidi. Wanafunzi wa fizikia wakumbuke pia kwamba kwa kila mita 300 tunazopanda, maji huchemka kwa joto lililopungua kama digrii moja. Kwa hiyo maji yanayochemka kwa digrii 100 Dar es Salaam, kwetu huchemka kwa digrii 95 hivi. Ndiyo maana maharage ya Tukuyu huchelewa kuiva.

Chai yenyewe si mwenyeji. Wajerumani waliijaribu Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na Kyimbila, karibu na Tukuyu, mwaka 1904. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1926 wakati wa Waingereza, katika mashamba makubwa. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 wakulima wadogo walihimizwa kupanda chai kando ya migomba yao, na shamba la nyumbani kwetu ni tunda la wakati huo.

3. Namna ya kuchuma

Mke wa yule bwana aliomba kujaribu kuchuma, na mama yangu akamfunga kapu mgongoni. Sheria ni moja: majani mawili na chipukizi lililo katikati yao, basi. Jani la tatu na la nne yamekwisha kukomaa, yana nyuzi nyingi na ladha kidogo. Mchumaji huvunja kwa kidole gumba na cha shahada, haminyi, wala hajazi kiganja mpaka majani yapondeke. Baada ya saa nzima mgeni alikuwa amepata kilo moja na nusu, na mama yangu kilo saba. Yule bibi alitazama mizani, kisha akatazama mikono ya mama, akasema, "Kumbe hii ni kazi ya ufundi." Wakati wa mvua shamba lile lile huchumwa tena baada ya siku saba hadi kumi na nne. Mkulima akichelewa, chipukizi hugeuka jani gumu.

4. Saa chache zenye hatari

Sasa tumefika katika kiini cha somo. Jani la chai likikatwa halifi mara moja. Huendelea kupumua, na kupumua huko huleta joto. Likishindiliwa ndani ya gunia, joto hukosa njia ya kutoka, na majani hugeuka mekundu kabla ya wakati wake. Kiwanda hakiwezi kutengeneza chai njema kwa majani kama hayo. Kwa sababu hiyo majani hubebwa katika makapu yapitishayo hewa, huwekwa kivulini, na hupasa kufika kiwandani siku ile ile.

Siku ya pili ya safari yetu wageni walijionea jambo hili. Mama na dada yangu walifikisha kilo 38 kituoni kabla ya saa nane mchana. Mvua ilinyesha, barabara ya kijiji ikawa tope tupu, na gari la kukusanya majani likakwama njiani. Lilifika asubuhi ya pili. Mama alikuwa ameyatandaza majani yake chini ya banda na kuyageuza usiku kucha kwa mwanga wa taa ya mkono, hata hivyo kilo 15 zilikataliwa. Karani alizitenga bila maneno, naye mama hakubishana, maana aliziona mwenyewe kuwa nyekundu. Yule bwana aliniuliza, "Nani hulipa hasara hii?" Nikamjibu kwamba ni aliyechuma.

Wasomaji watambue kuwa kilo zile 15 hazikuharibiwa na uvivu wa mtu yeyote. Ziliharibiwa na mita mia mbili za tope. Barabara ya kijiji katika nchi ya chai ni sehemu ya shamba, kama mchai wenyewe.

5. Kazi ya kiwandani

Majani yakifika salama hupitia hatua tano. Kwanza hunyaushwa: hutandazwa katika mabirika marefu na kupulizwa hewa kwa saa 12 hadi 18, mpaka yalegee na kupunguza maji. Pili hupitishwa katika mashine zenye meno zinazoyasaga, kuyapasua na kuyakunja. Tatu huachwa yachachuke kwa muda wa saa moja hadi mbili. Hapo hewa ya oksijeni huingia katika majani yaliyopasuka na kuyabadili rangi kutoka kijani hadi ya shaba, kama ndizi iliyomenywa inavyogeuka nyeusi. Nne hukaushwa kwa hewa ya moto mpaka maji yabakie kama asilimia tatu tu, na moto huo hutoka katika kuni za mikaratusi. Tano huchekechwa na kupangwa madaraja, kuanzia punje kubwa hadi vumbi. Chai ya kijani hutoka katika mmea huu huu, ila majani yake hupashwa moto mapema ili yasichachuke.

Sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki huuzwa mnadani Mombasa. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Mwaka 2023 nchi yetu nayo ilifungua mnada wake Dar es Salaam.

6. Hesabu ya kikombe

Jioni ya mwisho tulifanya hesabu katika daftari la yule bibi. Kilo 5 hivi za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai kavu. Kikombe kimoja hutumia gramu 2 hivi. Kwa hiyo kilo 1 ya chai kavu hutoa vikombe 500, na kilo 1 ya majani mabichi hutoa vikombe 100. Zile kilo 15 zilizomwagwa zilikuwa vikombe 1,500, yaani chai ya kutosha shule nzima.

Kisha alitoa kifuko cha chai alichokuja nacho kutoka kwao. Tuliligeuza karatasi lake pande zote, wala hatukuona jina la Rungwe wala la Tanzania. Chai ya nchi nyingi huchanganywa pamoja, ikapewa jina la mchanganyaji. Si haki kusema kwamba fedha yote ya kikombe imeporwa, maana kuna kuni, mishahara, meli, karatasi na duka. Lakini ni kweli kwamba anayeuza jani bichi huuza kitu kisichoweza kungoja, na mwenye kitu kisichoweza kungoja hana nguvu ya kubishania bei.

7. Kung'oa au kutunza?

Miaka hii wengi kwetu wameng'oa chai wakapanda maparachichi. Nyumbani pia shauri hilo lipo. Baba ataka kung'oa nusu ya shamba, mama hataki. Baba asema parachichi laweza kungoja siku kadhaa na bei yake ni nzuri. Mama asema parachichi huja kwa msimu, bali chai humpa fedha karibu kila mwezi, na ndiyo iliyoninunulia godoro na sanduku nililo nalo hapa bwenini.

Mimi naona wote wawili wana haki, na hukumu yataka hesabu. Mchai wa miaka arobaini hung'olewa kwa siku moja, na kuurudisha ni miaka mitatu au zaidi ya kungoja. Kwa hiyo, kabla ya kushika jembe, na tuandike kilo zilizochumwa, kilo zilizokataliwa na sababu zake, kwa mwaka mzima. Kama hasara yatoka barabarani, dawa yake ni mawe na mfereji, maana tope litayazuia maparachichi vile vile. Kama yatoka katika bei peke yake, baba ana hoja. Nimekwisha kumwachia mama daftari lenye mistari mitatu, na dada yangu hulijaza kila siku ya kuchuma.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini majani mabichi hayafai kushindiliwa ndani ya gunia?
2. Eleza tofauti kati ya chai nyeusi na chai ya kijani.
3. Uliza bei ya kilo moja ya majani mabichi, uigawe kwa 100. Linganisha jibu na bei ya kikombe kimoja katika mkahawa wa mjini.
4. Taja zao la kwenu lisiloweza kungoja. Nani hulipa likiharibika njiani?

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne