Kabureta Iliyolika Meno ya Parafujo

Pikipiki nyingi za BSA, Norton, Triumph na Matchless zilizofanywa Uingereza kabla ya 1950 zingali zikienda barabarani hata leo, na wenyewe huzipenda kama mtu apendavyo ng'ombe wake. Lakini iko sehemu moja ya mashine hizi ambayo haiharibiwi na njia mbaya wala na umri, bali na mkono wa mtu mwenye spana. Sehemu hiyo ni kabureta, na hasa matundu yake ya parafujo. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi meno ya matundu hayo yalikavyo, na jinsi yanavyoweza kufanywa upya, maana kuipata kabureta nyingine ya namna ile ile si kazi rahisi, na ikipatikana bei yake si ndogo.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba tunaposema meno, maana yetu ni ile mifereji izungukayo parafujo, ambayo mafundi wengine huiita hesi au nyuzi. Parafujo ina meno yake nje, na tundu lina meno yake ndani. Yakipatana, chuma hushika chuma. Yakilika, parafujo huzunguka bure kama mwiko chunguni.

Mtu aweza kusema, "Parafujo moja ndogo, yadhuru nini?" Yadhuru sana. Kabureta huchanganya petroli na hewa kwa kadiri maalum. Parafujo zishikazo kikombe cha petroli zikilegea, petroli huvuja na kudondoka juu ya injini yenye moto, na pikipiki yaweza kuwaka mwenyewe akiwa amekaa juu yake. Tena kabureta yenyewe ikilegea pale inapofungwa kwenye injini, hewa huingia kwa njia ya wizi. Mchanganyiko huwa na hewa nyingi na petroli kidogo, injini hupata joto kupita kiasi, na mwisho pistoni hukwama katika silinda au hutoboka kichwani. Basi fundi aliyedharau parafujo moja atanunua pistoni.

Sasa tuangalie sababu. Pikipiki nyingi za Kiingereza zilitumia kabureta za Amal, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1927 kwa kuunganisha watengenezaji watatu, yaani Amac, Brown & Barlow, na Binks. Baadhi ya kabureta za zamani zilifanywa kwa shaba, nazo ni imara. Lakini nyingi zilifanywa kwa mchanganyiko wa zinki uliomiminwa katika kalibu. Madini haya ni mepesi kufanyia kazi, lakini ni laini. Parafujo ya chuma cha pua ikikazwa katika zinki kwa nguvu ya mtu aliyezoea kufunga magurudumu ya lori, zinki ndiyo itakayoshindwa.

Sababu ya pili ni kuchanganya vipimo, nayo twaiona kuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa kuwa hudanganya. Waingereza wa zamani hawakuwa na kipimo kimoja cha meno. Kilikuwapo cha Whitworth tangu 1841, ambacho pembe ya meno yake ni digrii 55. Kilikuwapo cha baisikeli chenye digrii 60, na meno 26 katika inchi moja. Na kwa parafujo ndogo kilikuwapo kile kiitwacho BA, chenye digrii 47 na nusu. Parafujo za siku hizi zauzwa madukani kwa kipimo cha milimeta. Basi tazama hila iliyopo hapa. Parafujo ya 2BA ina unene wa milimeta 4.7, na kutoka jino hata jino ni milimeta 0.81. Parafujo ya milimeta 5 ya siku hizi, kutoka jino hata jino ni milimeta 0.8. Hatua zao zalingana karibu kabisa, lakini ya pili ni nene zaidi. Mtu akiitia katika tundu la 2BA itaanza kuingia kidogo, kisha itakaza, naye atadhani ni kutu au uchafu, atie nguvu. Akiitoa, meno ya zamani yatoka nayo kama unga. Vivyo hivyo 0BA na ile ya milimeta 6: unene mmoja, hatua moja, lakini pembe mbalimbali. Huingia, hufunga, na baada ya muda hulegea. Kwa hiyo mwenye pikipiki ya zamani asiokote parafujo katika kopo la misumari. Apime kwanza kwa kipimo cha meno, kile chenye majani mengi membamba ya chuma yaliyokatwa meno ubavuni.

Iko na sababu ya tatu. Masikio mawili ya kabureta yanayofungwa kwenye injini kwa nati hupinda yakikazwa mno. Yakisha kupinda, hewa huingia katikati. Mwenyewe huona injini haitulii, hukaza tena. Masikio huzidi kupinda, na mwisho meno ya injini hung'oka. Mtu huyu hakuhitaji kukaza hata kidogo. Alihitaji kipande cha kioo kilichonyoka na karatasi ya msasa juu yake, asugue uso wa kabureta polepole mpaka ung'ae wote sawasawa.

Kabla ya kutengeneza, mwaga petroli yote nje ya nyumba, mbali na jiko, taa na sigara, ukaiache kabureta ikauke. Toa jeti zote na boya. Ikiwa parafujo imeganda, tia mafuta mepesi ulale usiku mmoja, au mwagia maji ya moto. Usitumie moto wa gesi: mchanganyiko ule wa zinki huyeyuka kwenye joto la digrii 380 hivi za Selsiasi, na huyeyuka ghafula bila kubadili rangi kwanza. Ndiyo sababu kuuchomelea pia ni kazi ya mabingwa wachache.

Meno yakiwa yamelika juu tu, na chini yangali mazima, jaribu parafujo ndefu zaidi kidogo. Lakini pima kina cha tundu kwa kijiti, isije ikagonga mwisho na kupasua. Watu wengine hupanua tundu la 2BA kuwa la milimeta 5. Kama meno yalilika nusu, hufaa. Kama yamekwisha kabisa, tundu limekwisha kuwa na upana wa milimeta 4.7, na meno mapya yatapata nyama ya milimeta 0.15 tu kila upande. Hayo si meno. Gundi za chuma nazo twazikataa mahali pa petroli, maana nyingi hulainika.

Dawa ya kweli ni kutia meno mapya ya madini magumu. Ziko springi ndogo za waya usioshika kutu, ambazo hutengenezwa kwa vipimo vya milimeta na vya BA pia. Tundu hupanuliwa kwa kekee, hukatwa meno makubwa kwa tepu ya kipimo chake, kisha springi huzungushwa ndani mpaka ishuke chini ya uso kwa robo ya mzunguko au nusu. Hubana yenyewe, kwa kuwa ni pana kuliko tundu. Mwishoni mwake pana kijimkia cha kuzungushia, ambacho huvunjwa. Kijimkia hicho kitafutwe mpaka kionekane. Kikiingia katika njia ya hewa, injini itakimeza.

Katika kukata meno, funga uzi au gundi ya karatasi juu ya kekee kuonyesha kina, maana ng'ambo ya tundu kuna njia za petroli. Tia mafuta ya taa. Zungusha tepu nusu mbele, robo nyuma, ukivunja mabaki.

Lakini kwa parafujo ya kurekebishia hewa, springi hatuipendi. Ncha yake yenye kuchongoka yapasa kuingia katikati ya tundu lake hasa, tena hewa hupita katika waya. Hapo tengeneza kichaka cha shaba: nje inchi 5/16 yenye meno 26, ndani 2BA. Kabureta iwe na nyama ya kutosha kukizunguka. Isipokuwa nayo, mpelekee fundi mwenye mashine ya kereza, wala usibahatishe.

Kazi ikiisha, puliza njia zote, rudisha jeti na boya, tia gasketi mpya, ukaze parafujo moja kidogo, kisha ya upande wa pili, kwa spana fupi. Fungulia petroli bila kuwasha injini, weka karatasi nyeupe chini, uingoje saa nzima. Karatasi ikiwa kavu, washa. Injini ikiwa inanguruma polepole, dondosha mafuta mepesi kidogo kuzunguka kiungo cha kabureta. Mlio ukibadilika, hewa ingali ikipita, na kioo na msasa vitakuwa na kazi tena.