ELIMU KWA WANANCHI: PEPO ZA MSIMU NA MOSHI UNAOPANDA ANGANI

Kila mkaazi wa mwambao huzijua pepo mbili zinazougawa mwaka. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi, na kusi hutawala baina ya Aprili na Septemba. Kwa karne nyingi pepo hizo ziliendesha majahazi baina ya Uarabuni, Bara Hindi na Afrika Mashariki. Ni vyema ikafahamika kwamba pepo hizo huchukua pia shehena nyengine, nayo ni moshi na gesi chafu.

Mfano wa Gerezani

Gerezani, jirani na soko la Kariakoo mjini Dar es Salaam, ni mahali panapofikiwa na wafanyabiashara wengi wa Visiwani. Hapo hukusanyika malori, mabasi na bodaboda. Mafundi wa magari na wachomeleaji wa vyuma hufanya kazi kando ya njia, na mama lishe huwasha majiko ya mkaa tangu alfajiri. Moshi wa shughuli hizo una masizi, na chembe zake zisizozidi maikromita 2.5 kwa upana huingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa.

Kaskazi inapovuma, moshi huo husukumwa upande wa Temeke. Kusi inapovuma, huelekea upande wa Magomeni. Upepo, basi, hauondoi uchafu bali huuhamishia kwa jirani.

Safari ya kwenda juu

Wakati wa kaskazi, hewa ya Bara Hindi huwa kavu na moshi hubaki chini. Mwaka 1999 wanasayansi wa mataifa mbalimbali walipima ukungu wa rangi ya kahawia uliotanda juu ya Bahari ya Hindi ya kaskazini, unene wake ukifikia kilomita 3 hivi.

Wakati wa kusi mambo hubadilika. Baina ya Juni na Agosti upepo huo huvuka Ikweta, hupita pwani ya Somalia kwa nguvu kubwa, kisha hupinda kuelekea Bara Hindi ukiwa umesheheni mvuke wa bahari. Masizi mengi huanguka njiani, kwani hukaa hewani kwa siku chache tu. Lakini kaboni monoksaidi inayotoka katika injini na majiko hudumu kwa wiki nyingi, muda unaotosha kuvuka bahari. Huko Asia hewa hupanda pamoja na mawingu makubwa ya mvua, ikabeba uchafu wa viwanda, magari na mashamba hadi kimo cha kilomita 15 hivi.

Mwaka 2015 ndege ya utafiti ya Ujerumani iitwayo HALO iliruka kutoka Cyprus na Maldives kuichunguza hewa hiyo. Ilibainika kuwa msimu wa mvua hufanya kazi mbili. Kwanza, husafisha: radi huzalisha oksaidi za naitrojeni, ambazo husaidia kurejesha haidroksili, kiini kinachozivunja gesi chafu hadi nyingi zikaweza kuyeyuka katika maji na kunyesha. Pili, husambaza: uchafu uliosalia huzunguka juu ya mawingu, kisha huenea duniani, na sehemu yake huingia katika tabaka la stratosfea. Setilaiti nazo zimeonesha tabaka la chembe baina ya kilomita 13 na 18 juu ya Asia katika miezi hiyo.

Funzo

Mvua na upepo si wafagizi wa mji. Risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli haikuondolewa na kusi wala na masika. Ilikoma pale nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoiacha petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Uchafu hukomeshwa unakoanzia.

Kwa hiyo wananchi wanakumbushwa wasichome matairi na plastiki, wazime injini gari linaposimama kwa muda mrefu, na wasiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Anayeanza kuuvuta moshi huo ni yule aliyeuwasha, pamoja na watoto walio karibu naye, kabla upepo haujauchukua.