Maji ya Visima na Tetemeko la Ardhi

Mwanafunzi mmoja atokaye Nakivale aliniuliza hapa Ruharo swali lililo bora kuliko mengi ya kitabuni: je, tukivuta maji chini ya ardhi, nchi haitatikisika? Kwao wazee kadhaa walikuwa wakikikataa kisima cha pampu, maana walilikumbuka tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lililosikika hata huku Uganda.

Kwanza tujue ufa ni nini. Mwamba wa dunia umevunjika mahali pengi, na pande mbili za ufa hubanana kwa nguvu kubwa. Zikiteleza ghafula, ndilo tetemeko.

Sasa maji. Huko chini hayakai kama ziwa, bali hujaa katika vitundu vya mchanga na udongo, na husaidia kuuchukua uzito ulio juu. Ukiyatoa mengi, udongo laini hubonyea na ardhi hushuka polepole, kama godoro la bwenini likaliwapo. Ikiwa upande mmoja wa ufa ni udongo na wa pili ni jiwe, upande wa udongo hushuka peke yake, na nyumba iliyojengwa hapo katikati hupasuka kuta pasipo mshindo wowote.

Lakini mshindo nao umepata kutokea. Karibu na mji wa Lorca, Hispania, wakulima walivuta maji kwa mashine miaka hamsini, hata usawa wake ukashuka mita 250 hivi. Uzito mkubwa ukaondoka juu ya mwamba. Tarehe 11 Mei 2011 ufa uliteleza kwa ukubwa wa 5.1, wakafa watu 9. Wataalamu waliofanya hesabu waliona kwamba ufa ule ulikuwa umekwisha kubanwa na nguvu za dunia yenyewe. Kutolewa kwa maji kuliuharakisha tu. Nao uliteleza kilometa chache tu chini ya ardhi.

Lile la Kagera lilianzia kilometa 40 hivi chini! Pampu ya mkono hutoa debe moja moja. Tena maji mengi ya Nakivale hutoka ziwani, kama yetu ya Mbarara yatokavyo mto Rwizi. Basi nilimwambia awajibu wazee wake kwamba kisima kichimbwe. Ila wapime. Kamba yenye mafundo na jiwe yatosha, katika kisima cha wazi kile kile, kila mwaka mwezi wa Julai, na hesabu iandikwe daftarini.