"Si Nilituma?" Kumaliza Ubishi wa Gharama za Mtoto Baada ya Talaka

Wiki ya kufungua shule ndiyo huwa ngumu. Tuseme baba anafanya kazi katika duka la simu pale Luthuli Avenue, mama anaishi na mtoto Kangemi, na talaka ilikwisha zamani. Mtoto ametumwa nyumbani karo. Mama anapiga simu.

"Baba Junior, mtoto amefukuzwa."

"Si nilituma elfu kumi na tano tarehe tano?"

"Hiyo ilikuwa ya chakula na nyumba."

"Mimi nilijua ni ya karo."

Ukizichukua simu zote mbili ukasoma jumbe, hakuna anayedanganya. Ujumbe wa kutuma pesa kwa M-PESA unaonyesha kiasi, jina, tarehe, saa na nambari ya muamala. Hausemi pesa ni za nini. Ubishi mwingi kati ya wazazi waliotengana uko hapo: si kama pesa zilitumwa, bali zilikuwa za kazi gani. Na hilo ni jambo mnaloweza kulimaliza kabla ya shilingi kuondoka kwenye simu.

Anzeni na kubadilisha njia ya kulipa. Karo isipitie kwa simu ya mzazi mwenzako kama shule ina Paybill. Weka nambari ya biashara ya shule, na pale pa akaunti andika nambari ya mwanafunzi au maelezo ambayo shule imekupa. Malipo hayo yataonekana kwenye taarifa yako ya M-PESA yakiwa na jina la anayelipwa na ile akaunti. Hapo hakuna wa kuuliza zilikuwa za nini. Fanya vivyo hivyo kwa hospitali, kwa basi la shule, hata kwa duka la yunifomu lenye Till. Ukishalipa, mtumie mwenzako ujumbe ule kama ulivyo, kisha iombe shule risiti yenye jina la mtoto.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawapendi kuitaja: Fuliza. Mtu akiwa na deni la Fuliza, pesa zinazoingia kwenye M-PESA yake hukatwa kulipa deni hilo kwanza, moja kwa moja. Ukituma karo ya 8,000 kwa mzazi mwenye deni la 2,500 na ada zake, ataona kama 5,500 tu au pungufu. Hajala pesa za mtoto kwa makusudi, lakini karo haijatimia, na ni aibu kumweleza mtu mliyeachana naye. Ukilipa shule moja kwa moja, mnaepuka hayo yote.

Si kila kitu kina Paybill, bila shaka. Mboga, gesi, nauli ya matatu, mshahara wa dada wa nyumbani: hizo zinamwangukia anayeishi na mtoto, siku kwa siku, na hakuna risiti ya sukuma wiki. Kumdai mama risiti ya kila nyanya ni kumtesa tu. Kwa matumizi haya ni afadhali mkubaliane kiasi kimoja cha mwezi na tarehe moja, halafu kisihojiwe tena. Ukitaka usisahau, kuna M-PESA Ratiba, iliyoanza 2024, ambayo inatuma kiasi ulichopanga kwa tarehe uliyopanga. Hapo pesa za karo na pesa za nyumba zinakuwa zimetengana zenyewe.

Sasa, nani alipe ngapi? Wengi hukimbilia nusu kwa nusu kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, na wajibu wao ni sawa, wawe walioana au la. Lakini wajibu sawa si lazima uwe shilingi sawa. Mahakama ikipima matunzo huangalia mapato ya kila mzazi na mahitaji ya mtoto. Mkiwa mnapata 60,000 na 40,000 kwa mwezi, karo ya 24,000 kwa muhula inaweza kugawanywa 14,400 na 9,600. Na kama mmoja ndiye anayelipa nyumba ambamo mtoto analala, hesabuni hilo pia. Kwa maoni yetu, nusu kwa nusu inafaa tu pale ambapo mapato yanakaribiana na mtoto anagawa muda wake kwa wote.

Andikeni pia kiwango ambacho mtu hawezi kuvuka bila kuuliza. Tuseme 3,000. Mzazi akitaka kumhamishia mtoto shule ya bei Lavington, au kumnunulia simu, anauliza kwanza. Akinunua bila kuuliza, hiyo ni zawadi yake. Hospitali ya dharura haimo humo. Ujumbe mfupi wa WhatsApp unatosha, mradi uwe na kiasi na tarehe: "Mama Junior, nimekubali karo muhula huu 14,400, nalipa kabla ya tarehe 10." Mwenzako ajibu "Sawa." Kupiga simu hakutoshi, maneno ya simu kila mtu huyakumbuka kivyake.

Mambo mawili tunayoulizwa na wateja. La kwanza: "Naweza kurudisha pesa nilizomtumia kwa sababu hakulipa karo?" Hapana. Kupeleka ujumbe kwa 456 ni kwa aliyekosea nambari. Ulimtumia mtu uliyemkusudia, kwa hiyo huo si muamala wa makosa, na kujaribu kurudisha kwa hasira kunaongeza tu moto. La pili: "Mnaweza kunionyesha taarifa yake?" Pia hapana. Taarifa ya mteja ni yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe. Mahakama ikiagiza, ni habari nyingine.

Yako mwenyewe unaweza kuipata kupitia *334# au kwenye programu ya M-PESA. Ipakue mwisho wa kila muhula, uiweke kwenye barua pepe. Usitegemee jumbe za simu; simu huibiwa Tom Mboya mchana kweupe.

Mkishindwa kuelewana, msianzie kwa wakili. Nenda ofisi ya afisa wa watoto ya kaunti ndogo yako, iwe Westlands au Dagoretti. Huduma ni ya bure, na afisa anaweza kuwaita nyote wawili mkaandika makubaliano. Likishindikana hapo, kuna Mahakama ya Watoto Milimani, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Agizo la matunzo likitolewa, kulipuuza kunaweza kumfikisha mtu kwenye kukatwa mshahara, hata kifungo cha madai. Na kitu kimoja mzazi anayelea asifanye wakati kesi inaendelea: kumficha mtoto mpaka pesa zitumwe. Kumwona mzazi ni haki ya mtoto, haiuzwi kwa karo.

Ukienda huko, beba taarifa ya M-PESA ya miezi sita au zaidi, risiti za shule, mapendekezo yako ya mgawo kwenye karatasi moja, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Picha za skrini zilizokatwakatwa hazisaidii sana. Ushahidi wa kielektroniki mahakamani huhitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ulitoka kwenye kifaa gani na ulichapishwa vipi. Muulize karani au wakili akusaidie kukiandaa kabla ya siku ya kesi, si asubuhi ile mkiwa kwenye foleni.